Kituruki cha Kuulizia Mtu Yuko Wapi

Kiangazi kile nilikuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali ndogo ya Newala. Alfajiri tulishuka bondeni kuteka maji, tukapanda mteremko na ndoo kichwani, ndipo kazi ianze. Nilikuwa hoi hata kabla ya kumwona mgonjwa wa kwanza.

Tukaletewa fundi wa matrekta kutoka Nachingwea, Mturuki wa kisiwa cha Kupro. Lori lake lilikuwa limepinduka. Kiswahili alikijua, lakini homa ilipompanda kilimtoka chote. Alinishika mkono akawa anarudia, "Neredeyim? Neredeyim?"

Nikamwita mjomba wangu, aliyekuwa askari Misri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kukaa kambi moja na watu wa Kupro.

"Shikamoo, mjomba. Anasema nini huyu?"

"Marahaba. Anauliza yuko wapi. Mjibu hastanedesin, uko hospitalini."

Akanifundisha pale barazani. Ev ni nyumba, evde ni nyumbani. Ile -de hubandikwa mwishoni kama -ni yetu, na neno jingine huitaka -da. Sisi husema "niko" kwanza, ndipo mahali. Wao mtu humweka mkiani: evdeyim, niko nyumbani, evdesin, uko nyumbani. Nilijifunza huku nasinzia.

Siku tatu nilimjibu hastanedesin, sijui mara ngapi. Siku ya nne akauliza jingine: "Karım nerede?" Nerede nilishaijua, ni wapi. Karım, mjomba alikuwa amenitajia, maana yake "mke wangu". Mjomba mwenyewe siku ile alikuwa ameshuka Masasi. Nikasema neno nililokuwa nalo.

"Evde."

Akauachia mkono wangu, akalala.

Homa ilipokwisha nikamwambia kwa Kiswahili nilivyomjibu.

"Mke wangu alifariki, dada. Mezarda. Yuko kaburini."

Nilitamani ardhi inimeze. "Nisamehe, baba. Sikujua."

"Ungejua, ungesema nini?"

Akageukia ukutani, akasema taratibu kwamba siku ile alipata usingizi mzuri kuliko siku zote tangu amzike. Nikakaa pembeni ya kitanda chake, jambo tulilokatazwa, kwa kuwa miguu ilikuwa haiwezi tena. Muuguzi mkuu alipita, akatuona, akaendelea na njia yake.