Oili Chini ya Pikapu

Juzi hapa Songea nilimkuta fundi anayefufua pikapu ya marehemu baba ametandaza boksi chini yake kudaka oili inayovuja. Harufu ile ilinirudisha utotoni, kijijini kwetu Mpitimbi.

Baba alikuwa chini ya pikapu hiyohiyo, akigonga na kukaza nati, azibe pale palipovuja apate kumkimbiza mama hospitali. Shangazi akatoka chumbani, amejiziba mdomo kwa kanga. "Kamwambie baba yako, mama amepumzika."

Nilifurahi, maana mama hakuwa amepata usingizi tangu jana yake. Nikainama, nikanong'ona, "Baba, usigonge. Mama amepumzika."

Spana ilimponyoka. Akabaki amelala palepale, oili ikimdondokea shavuni, machozi yakimtiririka. Nilidhani oili imemwingia machoni, nikakimbilia ndani kumwomba mama kitambaa.