Vigelegele vya Kila Gia

Bado naisikia, mwanangu, sauti ya pikapu ya mjomba wangu asubuhi niliyokwenda Kigwa kumchukua bibi harusi wangu. Ilikuwa inalia nyiii, kama mtoto aliyebanwa kidole mlangoni, kila nilipokanyaga klachi. Nikiachia, kimya. Nikikanyaga tena, nyiii. Na mimi niliyekuwa nimevaa suti ya kuazima, nimejipaka mafuta ya nywele hadi kola ikalowa, nikajifanya sisikii.

Nakwambia haya kwa sababu juzi ulipita mbele ya nyumba yangu hapa Itetemia na gari lako jipya la mtumba, ukaniamkia vizuri, nikaitikia. Kisha ukabadili gia, nikasikia kitu. Nawe ukaongeza sauti ya redio. Sikukuita, maana mzee akiwaita vijana barabarani huonekana anataka lifti. Nimeona afadhali nikuandikie.

Turudi kwenye harusi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimemaliza kidato cha nne, nikaona nimemaliza na elimu yote iliyokuwepo duniani. Nilikuwa nikiendesha pikapu ya mjomba, tukibeba asali kutoka msituni. Mchumba wangu, Veneranda, alikuwa binti wa Mzee Kasian, katekista wa Kigwa, mtu mrefu, mkavu, ambaye sikuwahi kuona meno yake. Hakunipenda sana. Aliwahi kumwambia binti yake kwamba mimi ni hodari wa kujibu kabla sijaulizwa.

Harusi ilipangwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, saa nne asubuhi, kanisani Tabora mjini. Padri alituonya mapema: saa tano anaondoka kwenda kigango cha mbali, na Kwaresima ikishaanza hafungishi ndoa ya mtu hadi Pasaka ipite. Mzee Kasian naye akaongeza la kwake. Alisema kama kijana hawezi kumfikisha binti yake kanisani kwa wakati, basi muda huo wa kusubiri Pasaka yeye ataufikiria upya uchumba wenyewe. Alitaka waje kwa treni siku ya Ijumaa, walale kwa ndugu zao mjini. Mimi nikakataa. Nikasema nitawafuata mwenyewe na gari. Watu waliniambia si desturi bwana harusi kumfuata bibi harusi, nikawajibu kwamba hakuna dereva mwingine ninayemwamini. Ukweli ni kwamba nilitaka Kigwa nzima inione nimeshika usukani.

Siku ya Alhamisi nililipeleka gari Mtendeni, kwa fundi Mwinshehe. Huyu alikuwa Mzaramo aliyehamia Tabora zamani, na wewe unajua sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Wazee wetu walipokuwa wapagazi, wakitembea kutoka huku hadi pwani na mizigo kichwani, walipita kwao, na utani ulianzia huko njiani. Mwinshehe hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita mpagazi wangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mpagazi wangu. Naona umeleta mbuzi wa harusi mapema. Mbona umemfungia ndani ya boneti?"

Tukacheka. Akaniambia niweke gia frii, nivute breki ya mkono, niache injini iungurume taratibu. Akainama, sikio lake likawa karibu na sakafu ya gari.

"Kanyaga klachi polepole."

Nyiii.

"Achia."

Kimya.

"Tena."

Akanirudisha hivyo mara nne au tano. Kisha akaja dirishani, akatazama chini, akaona mguu wangu wa kushoto umepumzika juu ya klachi wakati hakuna nilichokuwa nabadili.

"Ndiyo unavyoendesha? Mguu umelala hapo kama mgonjwa wa malaria?"

"Ndiyo nilivyozoea."

"Basi umeiua beringi ya klachi kwa mguu wako mwenyewe. Jumamosi utalisukuma gari hili, bibi harusi ndani, na baba mkwe nyuma yako akikuombea."

Nikacheka hadi nikashika mlango. Nikamwambia Wazaramo wanaogopa safari, ndiyo maana wazee wetu walipopita kwao waliwakuta wanachungulia milangoni. Nilikuwa nangojea anirudishie. Hakurudisha. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akaniangalia.

"Gervas," akasema. "Gari hili halitafika Kigwa likarudi. Niachie leo. Nalala nalo nashusha giaboksi, kesho baada ya swala ya Ijumaa unalichukua."

Mwanangu, mtu ambaye hajawahi kuniita jina langu aliniita jina langu, na mimi nikaona huo ndio utani mkubwa kuliko wote. Nikafikiri anataka kuniona nimeingiwa na hofu ya harusi, aende akawasimulie wenzake. Nikampiga begani, nikamwambia amejitahidi, nikaondoka. Ijumaa nzima niliosha gari, nikafunga riboni, nikazunguka Mtendeni mara tatu bila kazi yoyote.

Jumamosi nikafika Kigwa salama, sauti imeongezeka kidogo. Nyuma nilikuwa nimepakia shangazi zangu wanne wa kuimba. Mbele tukakaa watatu: mimi, Veneranda katikati na gauni lake limejaa hadi kwenye gia, na Mzee Kasian dirishani, kitabu cha sala mapajani. Kabla ya kuondoka niliwaendea shangazi zangu kwa siri. Nikawaambia kila nitakapogonga kioo cha nyuma, wapige vigelegele kwa nguvu zote.

Basi tukaondoka. Nikitaka kubadili gia, nagonga kioo. Vigelegele. Nakanyaga klachi, sauti inamezwa. Gia ya pili, vigelegele. Gia ya tatu, vigelegele. Tukifika kwenye shimo, napunguza, vigelegele. Kulikuwa na ng'ombe wanavuka barabara, nikabadili gia mara sita, shangazi mkubwa akapaza sauti kutoka nyuma, "Gervas, ng'ombe nao tuwashangilie?"

Veneranda akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kitu gani kinalia?"

"Gari limefurahi," nikamjibu.

Mzee Kasian alitazama mbele.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na tulipokaribia nusu ya njia tukakuta tope jekundu. Nikagonga kioo, nikakanyaga klachi nirudi gia ya kwanza. Nyiii ikageuka ikawa mkwaruzo wa chuma kwa chuma, kisha pakalia ta! Klachi ikazama hadi sakafuni na haikurudi. Injini ikazima. Shangazi zangu, ambao hawakujua kilichotokea, wakaendelea na vigelegele kwa muda mrefu kweli.

Nilijaribu kuliwasha likiwa ndani ya gia ya kwanza. Likaruka kama chura, likazima. Nikaitoa gia, tukashuka, tukaanza kusukuma tutoke topeni. Shangazi wamekunja kanga zao, Mzee Kasian na suti yake ya Krismasi, na Veneranda kwenye usukani maana gauni halikuruhusu jingine. Treni ya mizigo ikapita relini, dereva wake akatupigia honi ndefu ya pongezi. Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Gari la kwenda harusini," Mzee Kasian akasema, akihema, "hukumpelekea fundi?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa. Lile la Alhamisi lilikuwa la ujinga tu.

"Nilimpelekea, baba. Fundi Mwinshehe wa Mtendeni. Aliniambia ni zima."

Sijui kama yuko mtu aliyewahi kuumbuliwa haraka hivyo. Kutoka upande wa mjini likaja lori la tumbaku, likasimama, na kutoka kwenye ngazi yake, akiwa amevaa kanzu nyeupe, akaruka fundi Mwinshehe mwenyewe. Alikuwa amemwomba dereva wa lori hilo tangu Ijumaa. Alikuwa amehesabu kwa kichwa chake gari litafia wapi, na hakukosea sana.

"Nimekuja kuwaona wapagazi wangu," akasema.

Mzee Kasian akamgeukia, tope limemfika magotini. "Wewe ndiye fundi uliyesema gari hili ni zima?"

Mwinshehe akanitazama. Nikatazama tairi. Veneranda alikuwa ametoa kichwa dirishani, anasubiri kama baba yake. Kama fundi angesema kweli, ingejulikana kwamba nimemdanganya mkwe mbele ya binti yake, siku ya harusi, na Pasaka isingekuwa na maana tena.

"Ndiye mimi, baba," Mwinshehe akasema. "Mnyamwezi akiniuliza gari zima, nimwambie bovu? Mwaka mzima nitacheka nini?"

Akacheka peke yake. Kisha akakaa kwenye ngazi ya lori, akapanga miguu, akasema mtani ana haki yake. Lori haliondoki mpaka bwana harusi abebe sanduku la bibi harusi kichwani, hatua ishirini, kama walivyopita babu zake. Saa inakimbia, mwanangu. Nikabeba. Lilikuwa sanduku la bati. Nikatembea topeni na suti ya kuazima, shangazi zangu wakaanza wimbo wa wapagazi bila kugongewa kioo, na nilipopiga chafya sanduku likaniteleza hadi puani. Ndipo nikasikia mtu anacheka kwa sauti nyembamba kama ya mbuzi. Alikuwa Mzee Kasian. Meno yake yalikuwa mazuri kabisa.

Lori likageuza, likatubeba wote, tukafika kanisani padri akiwa ameshavaa kofia ya pikipiki. Akaivua, akatufungisha. Veneranda alinukia tumbaku Misa nzima, na padri alipiga chafya kati ya "katika raha" na "katika shida". Ndoa hiyo tunayo mpaka leo.

Lakini uongo wangu nao ulifika mjini salama, ukarudi hadi Kigwa. Kigwa ikajua kwamba Mwinshehe ni fundi wa masihara, anayeweza kukuruhusu uende na gari bovu ili apate cha kuchekea. Wenye magari wa kule wakaanza kupeleka kwingine. Mimi nilikuwa nalisikia hilo, na kila mara nilijiambia nitasema wiki ijayo. Mwinshehe hakunidai maneno hayo hata mara moja. Alibadilisha ile beringi, akanionyesha ilivyoungua, akarudi kuniita mpagazi wake. Wiki ijayo ikawa miaka.

Alipofariki tulikwenda Mtendeni kumzika. Sisi watani tuna kazi yetu msibani, kama unavyojua: kuzuia jeneza, kuiga alivyotembea marehemu, kuwatoa wafiwa machozi kwa kicheko. Nikasimama mbele ya jeneza, nikainua mkono. Nikasema, kwa sauti yangu ya kawaida, kwamba mtu huyu aliniambia gari ni bovu, akaniita kwa jina langu, nami nikamdanganya mkwe wangu kwamba alisema ni zima.

Watu wakacheka. Nikasema tena kwamba sitanii, ni kweli. Wakacheka zaidi, mjane wake akajifunika uso kwa mtandio kwa kicheko. Mmoja akanipongeza kwamba sijawahi kutania vizuri vile. Nikabaki nimesimama pale, kweli ninayo mdomoni na hakuna wa kuipokea. Nikajua hasa Mwinshehe alivyojisikia siku ile ya Alhamisi, na kitambaa chake mkononi.

Mtu mmoja hakucheka. Mzee Kasian, amezeeka, amekaa kwenye kiti, mikono juu ya fimbo. Nikamwendea, nikapiga magoti.

"Baba, nilikudanganya."

"Najua," akasema. "Tangu Kigwa nilijua unaficha ubovu wa gari. Nimesikia vigelegele maisha yangu yote, Gervas, sijawahi kusikia vinavyobadilika na gia." Akalitazama jeneza. "Nilikuwa nasubiri useme. Umechelewa. Yule bwana angependa kusikia hilo kuliko mimi."

Mwanangu, shika haya. Gari likilia, zima redio. Simamisha, weka frii, sikiliza. Kama linalia ukikanyaga klachi na kunyamaza ukiachia, ni beringi ya klachi, mpelekee fundi kabla ya safari, usingoje kurudi. Kama linalia umeachia na kunyamaza ukikanyaga, ugonjwa uko ndani ya giaboksi. Kama linalia katika gia moja tu, chunguza gia hiyo. Injini ikipanda na gari haliendi, na unasikia harufu ya kuungua, sahani ya klachi imekwisha. Na mguu wako wa kushoto ukimaliza kazi, uweke sakafuni.

Watu nao wasikilize hivyo hivyo: sauti inaanza wapi, inanyamaza wapi. Anayekutania kila siku, siku akiacha kucheka na kukuita kwa jina lako, zima injini umsikilize. Na ukikosea, sema wiki hii hii, uliyemkosea angali hai kukusikia, kwa sababu jeneza halina sikio na waombolezaji watadhani unachekesha.

Mungu akupe masikio mepesi na ulimi usiochelewa. Safari zako zote za kwenda ziwe na za kurudi, na siku ukikwama topeni, akuletee mtani mwenye lori. Na Jumapili ukitoka kanisani, pita hapa. Nataka kuisikia klachi yako.