Beki Aliyecheza Kimya

Mpira nilijifunza bila sauti. Wakati wa vita, sisi vijana wa Kindu tulikuwa tukicheza nyuma ya maghala ya reli, treni zimelala na majani yameota katikati ya mataruma, na mchezo mzima ulikwenda kimya. Hakuna aliyeita pasi. Ukifunga goli, ulirukaruka na mdomo umefumba, wenzako wakakupiga mgongoni taratibu, mkaendelea.

Sababu ilikuwa moja. Siku moja tulijisahau tukashangilia goli kwa kelele, na wenye silaha waliokuwa wakipita wakatusikia. Waliwachukua waliokuwa karibu nao ili wawabebee mizigo kwenye njia ya Kalima. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, beki kama kawaida yangu, nikaruka ukuta. Wengi walirudi, mabega yamechubuka. Mmoja hakurudi. Mpaka leo nikikutana na mama yake sokoni hunishika mkono, akauachia, akaenda zake.

Mama yangu aliuza mchele katika soko hilohilo. Hakunikataza mpira, maana alijua kijana asiye na shule wala kazi, ukimnyima na mpira, atawafuata wenye bunduki. Alichonikataza ni mdomo.

"Cheza, papa," aliniambia, papa kama kina mama wetu wanavyowaita watoto wa kiume. "Lakini wasikusikie. Wakikusikia, watakukamata."

Basi tukabuni lugha ya mikono. Kiganja kilichofunguliwa kilimaanisha kuna mtu nyuma yako. Kugusa sikio, mwachie kipa. Mimi nilikuwa beki wa kati, ninayeona uwanja wote, na mikono yangu ilipayuka kuliko redio. Tulielewana vizuri sana. Siamini kama nimewahi kucheza na ukuta wa mabeki mzuri kuliko ule, na nimecheza na watu wanaolipwa kwa euro.

Vita ilipopoa, mtu wa klabu moja ya Lubumbashi aliniona, akanichukua. Huko nilikuta kipa mwenye hasira za bure, ila kwangu hasira zake zilikuwa na haki.

"Weye, uko bubu?" alinifokea. "Muntu iko nyuma yangu, weye unanionyesha mukono! Mimi niko na macho ya kisogo?"

Nilimwahidi kwamba nitasema. Mazoezini niliweza kunong'ona kidogo, lakini mbele ya watu mdomo ulikataa katakata. Kocha alinivumilia kwa sababu ya miguu yangu.

Miguu hiyo ndiyo iliyonifikisha timu ya taifa. Nilipompigia mama simu kumpa habari, alisema, "Nataka nikuone na macho yangu, umevaa mayo ya inchi. Kisha njo nitazeeka." Jezi ya taifa ndiyo aliyoiita mayo ya inchi. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Ilikuwa presha ya macho, na daktari alimweleza waziwazi kwamba mwanga uliopotea haurudi na uliobaki utaendelea kupungua. Kwa hiyo nilikuwa na haraka, wala sikuwa nakimbilia sifa.

Siku ya mechi yangu ya kwanza mama alivaa kitenge kipya, akaenda na dada yangu kwenye duka la mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo, mwenye televisheni. Jenereta yake ikazima hata kabla wimbo wa taifa haujaimbwa. Bora ilizima. Uwanjani, kwenye kona moja, nilimwona mshambuliaji wao akijipenyeza nyuma ya beki mwenzangu, kijana wa Kinshasa. Nikanyanyua kiganja. Mwenzangu akanitazama kama mtu anayesalimiwa na asiyemjua. Goli.

"Ulimwona yule mtu?" kocha wa taifa aliniuliza baadaye.

"Nilimwona. Na nilimwambia."

"Ulimwambia na nini?"

Nikamwonyesha kiganja. Alikitazama, akaondoka, na hakuniita tena kwa miaka. Niliumia sana. Goli lenyewe nilishalisahau. Kilichoniuma ni kwamba kila simu dada alinieleza jinsi mama anavyouliza, "Ile ingine itakuwa siku gani?" na jinsi sasa anavyomwaga chai nje ya kikombe.

Nikajifunza kupiga kelele, mtu mzima, kama mtoto anavyojifunza kutembea. Baada ya mazoezi nilibaki uwanjani peke yangu nikipayuka, "Panda! Rudi! Muntu nyuma!" na nyuma hakuna mtu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mikate karibu na geti alihamisha meza yake. Ilichukua muda, lakini mdomo ulifunguka, na kipa wetu alifurahi mpaka akaanza kuniomba ninyamaze.

Niliitwa tena timu ya taifa nikiwa tayari nacheza Ulaya. Siku hiyo jenereta ya yule mfanyabiashara wa Butembo haikuzima. Dada alimwelekeza mama: yule pale, mrefu, anayenyoosha soksi. Mama alisogea mpaka pua ikagusa kioo. Alikaa hivyo kitambo, kisha akarudi kwenye kiti.

"Basi," akasema, "uniambie tu."

Dada aliponisimulia nilikaa kwenye korido ya hoteli nikalia. Niliichezea nchi miaka kadhaa baada ya hapo, na mechi zote mama alisimuliwa.

Sasa goti limekwisha, nimerudi Kindu, ninafundisha mabeki wa timu ya mtaa. Mwezi uliopita tulicheza nao sisi wakongwe, mechi ya kirafiki, na dada akamleta mama kwa pikipiki, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na mstari. Mpira ulipoanza nikaanza kazi yangu: "Panda! Panda!"

Mama alisimama, mikono inapapasa hewa.

"Mwambie anyamaze!" alimlilia dada. "Watamusikia! Watamukamata!"

Nilimsikia mimi mwenyewe, na mdomo ukaanza kukataa kama zamani. Vijana walikuwa wanapiga kona, na mmoja wao alikuwa anajipenyeza nyuma ya beki wetu, fundi pikipiki mwenye kitambi. Niliunyanyua mkono. Kisha nikaushusha, nikapayuka, "Muntu nyuma!" Fundi akageuka, akautoa mpira. Sikunyamaza tena mpaka mwisho. Dada alikuwa amemshika mama kiunoni, akimtajia mmoja mmoja waliokuwepo pale: watoto, akina mama wa karanga, polisi mmoja anakula muwa. Kidogo kidogo mama akakaa.

Filimbi ya mwisho ilipolia nilikwenda kupiga magoti mbele yake. Alinishika uso, akagusa midomo yangu.

"Njo weye ulikuwa unapiga makelele ile yote?"

"Njo mimi, mama."

Akageuza kichwa huku na huku, akisikiliza.

"Na hakuna muntu alikuja?"

"Hakuna, mama. Hakuna muntu alikuja."

Aliuachia uso wangu, akakaa sawa kitini.

"Basi piga tena kidogo," akasema. "Nisikie."

Nikasimama palepale mbele ya kiti chake, watu wote wakitazama, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote.