Mto wa Sufi Kwenye Kiti cha Dereva

Vigelegele vikikatika katikati vina mlio wake. Ni kama kamba ya ndoo inayokatika kisimani: kwanza mvutano, halafu kimya, halafu unasubiri usikie ndoo imeangukia wapi. Mimi nimevisikia hivyo mara moja tu, nikiwa mtoto, Idi Pili, kwenye kiwanja cha mpira hapa Kibiti. Mpaka leo vikipigwa harusini huwa nangoja kwanza viishe salama ndiyo nami nicheke.

Juzi vimenirudia. Nilikuwa kwenye benchi langu la vitumbua karibu na stendi, karai limeshika moto, likapita gari la matangazo na spika zake juu. Jumamosi, likasema, kiwanjani kuna maonyesho, sarakasi ipo, muziki upo, na kubwa kuliko yote, mtoto wa miaka minane ataendesha gari peke yake mbele ya umma. Wateja wangu wakagawanyika hapo hapo. Mmoja akasema kipaji kiachiwe, wenzetu huko watoto wao wanarusha ndege. Mwingine akasema mzazi wake akamatwe. Halafu mama mmoja mtu mzima, anayenijua tangu natambaa, akaninyooshea kidole chenye mafuta: "Mnabishana nini na nyie? Dereva si huyu hapa anayewakaangia."

Wakanigeukia wote. Nikawaambia ngojeni nigeuze hivi visiungue. Na wewe msomaji ngoja nikusimulie kwa raha zangu, maana ubishi ule haujibiki huku unageuza vitumbua.

Nyumbani kwetu ni hapa Kibiti, lakini mpunga wa bibi ulikuwa Chumbi, ng'ambo ya Rufiji. Msimu ukifika bibi alihamia huko, akaishi dunguni, kile kibanda kilichopandishwa juu ya miti, ambako nguruwe hafiki na maji hayafiki. Shule ikifungwa, sisi wajukuu tulipelekwa kumsaidia kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Alfajiri unaamshwa na baridi na harufu ya matope, unashuka ngazi na debe lako, unapiga na kupayuka mpaka sauti inakuwa ya kiume. Mchana tunakula wali mpya na kambale wa moshi aliyeungwa kwa nazi, na ukoko tunaugombania. Sijala tena wali kama ule, na mimi mchele nauona kila siku.

Mpunga ukishavunwa ndipo anakuja mjomba, kaka yake mama, na pikapu yake kuukuu ya kijani iliyokuwa inakohoa kuliko kutembea. Inaingia shambani kubeba magunia. Watu wa kupakia walikuwa wachache, na mjomba aliona hasara mwanamume mzima kukaa nyuma ya usukani gari likitambaa kama kobe. Akaniweka mimi. Gia namba moja, wanaume ubavuni wanarusha magunia, mimi nimeshika usukani nanyoosha. Nilikuwa naota mchana kweupe: nikikua nitaendesha basi la Dar, nitaandika jina langu kwenye kioo cha mbele, abiria wa kike hawalipi.

Shida ilikuwa ufupi. Nikikaa kitini naona usukani na mawingu. Basi mjomba akaenda dunguni akachukua mto wa bibi, ule wa kulalia, wa sufi, ulioshonewa kipande cha kanga nyekundu. Nikiukalia naona boneti, naona na shamba lote. Lakini nikiukalia, miguu inaning'inia. Kukanyaga breki na klachi ilinibidi niteleze mpaka chini, nining'inie kwenye usukani kama popo, na hapo mbele sioni kitu. Yaani kuona ni juu, kusimama ni chini. Vyote viwili kwa pamoja sikuwa navyo. Shambani haikuwa neno. Mjomba anasema simama, nateleza, gari linazima, tunacheka.

Ikafika Idi. Mjomba akapata wazo lake, na mjomba akipata wazo hulali. Idi Pili kiwanjani huwa kuna kuvuta kamba, kufukuza kuku, ngoma za kina mama. Mwaka ule, akasema, kuwe na mtoto anaendesha gari. Mwalimu wetu wa shule, ambaye ndiye alikuwa mshika kipaza sauti wa shughuli zote, akalishangilia jambo hilo. Alisema watoto wa kike wa huku wanaozwa kabla hawajajua wanaweza nini, acha mmoja aonekane. Maneno mazuri, sikatai. Mimi nilikuwa nimeshavimba kichwa, nimeshaanza kutembea kama dereva, funguo hewani.

Bibi hakutaka. Walibishana uani yeye na mjomba, mimi nachambua mchele nikiwa nimeinamia ungo nisionekane nasikiliza.

"Mama, shambani anaendesha, na mchele wake unakula," mjomba akasema.

"Shambani hakuna watu."

"Watu wataka kumtunza mjukuu wako. Mcheza kwao hutunzwa, au si wewe uliyenifundisha?"

Bibi akaguna, akahamia Kindengereko, na bibi akihamia huko ujue Kiswahili kimemwishia kwa hasira. Mwisho akasema yeye kiwanjani haendi, na maneno yakaishia hapo.

Asubuhi ya Idi Pili alinichana, akanipaka wanja, akanitia mafuta yake ya mkaratusi kwenye nywele kama vile napelekwa kuolewa. Mto wake ulikuwa bado kwenye gari. Hakuuliza habari zake. Akaniambia tu, "Mke mwenzangu, macho yawe mbele." Ndivyo alivyoniita siku zote, mke mwenzake, kwa utani wa babu yangu aliyekwisha kufa. Akakaa mkekani akageukia ukuta.

Kiwanja kilijaa. Watu wametoka mpaka Mchukwi. Hapakuwa na ukuta wakati ule wala kamba. Mwalimu alichora duara kwa majivu, akatangaza kwamba hakuna kuvuka. Mzunguko wa kwanza mjomba alikaa pembeni yangu, mkono kwenye breki ya mkono. Ukaenda vizuri, watu wakapiga makofi ya kistaarabu. Halafu nikasikia mwalimu anasema kwenye kipaza sauti kwamba sasa mjomba anashuka, dereva anabaki peke yake. Mjomba hakuniambia kabla. Akaruka nje gari likiwa linatembea, akapunga mikono kama mgombea.

Ule upande wa pili wa kiti ulivyobaki mtupu, rafiki yangu, niliuona mkubwa kama uwanja.

Nikaendelea. Usukani ulikuwa mzito, mikono inateleza kwa jasho, injini inakohoa. Nyuma nikasikia vicheko vya watoto: wameshaanza kudandia, kama wanavyodandia kila gari linalopunguza mwendo hapa Kibiti, wengine wamening'inia nyuma, wengine wanakimbia ubavuni. Mjomba akawa anawafukuza, ndiyo akabaki huko nyuma. Na mbele yangu vigelegele vikaanza.

Sasa hapa nataka unielewe vizuri. Kina mama wa kwetu si wajinga na hawakuwa na nia mbaya. Wamelelewa na ngoma. Kwenye ngoma mchezaji akikukosha, hukai pembeni. Unafungua pindo la kanga, unatoa noti, unaingia uwanjani kwa kucheza, unambandika kwenye paji la uso. Usipoingia una husuda. Jirani yetu wa mlango wa pili ndiye aliyevuka majivu kwanza, noti juu, anakuja kwa hatua za ngoma, bega hili, bega hili. Wakamfuata wanne, watano. Wanakuja mbele ya gari kama wanavyomwendea mchezaji, kwa sababu mchezaji akimwona mtunzaji hupunguza mwendo mwenyewe. Hakuna aliyewaambia kwamba gari halijui kutunzwa.

Na mbele yao wote, ameshampita hata jirani, alikuwa bibi.

Bibi aliyegeukia ukuta. Kanga yake ya Idi, mfupi kuliko wenzake kwa kichwa kimoja, anahangaika na fundo la pindo huku mabega yanacheza. Alikuwa anacheka. Nadhani sikuwahi kumwona anacheka namna ile, meno yote nje, fahari yote nje.

Nikitaka kumwona, nibaki juu ya mto, na gari linakwenda. Nikitaka kusimama, niteleze, na simwoni tena. Kukata kona sikuweza, ubavuni walikuwa watoto. Nilimwangalia mara moja, nikachukua sura yake, nikateleza.

Chini kule kulikuwa giza la vumbi na dizeli. Nimekanyaga kwa miguu yote miwili, nimening'inia, pua kwenye honi. Gari likasota, likatikisika, likazima. Na vigelegele vikakatika.

Sikupanda kitini. Niliogopa kuona. Nilikaa vile vile nikiwa nimekanyaga breki ya gari ambalo limeshazima, nikangoja kama unavyongoja ndoo ianguke. Kiwanja chote, na Idi yote, hakuna sauti.

Halafu nikasikia kitu kinagonga boneti. Taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wagonjwa. Kiganja cha bibi. Gari lilikuwa limemfikia mpaka kanga yake ikagusa bati, na yeye hakuweza kurudi nyuma kwa sababu wenzake walikuwa wamemsukuma. Akazunguka mpaka dirishani. Akaniinua kidevu, akanibandika ile noti kwenye paji, ikanata kwa jasho. 

"Nimekutunza, mke mwenzangu," akasema. "Sasa shuka."

Nikashuka. Watu wakapiga kelele upya, kubwa kuliko za mwanzo, wakidhani kusimama vile pua na pua kulikuwa ndiyo ufundi wenyewe. Mwalimu akasema mmeona breki za mtoto wa kike. Mjomba akanibeba mabegani. Jioni, kwenye pilau, alishapanga: Idi ya kuchinja tutarudia, na safari hii tutakwenda mpaka Ikwiriri. Kila mtu akaniuliza kama nitaogopa, na mjomba akanijibia kwamba sitaogopa. Nilimtazama bibi aseme neno.  Angesema nini, na yeye mwenyewe alikuwa amevuka majivu? Alikula kidogo, akaenda kulala mapema, kichwa kwenye mkono wake.

Bibi hayupo sasa, Mungu amrehemu. Pikapu iliuzwa chuma chakavu, na kabla ya hapo kuku walishaifanya nyumba ya kutagia. Madungu siku hizi unayahesabu, vijana hawalali tena porini kuamia ndege. Kiwanja kina ukuta. Hata kutunza kumebadilika: watu hawafungui tena pindo, wanainua simu, wanaingia uwanjani kurekodi. Lakini wanaingia vile vile, huo ndio wasiwasi wangu. Basi juu ya karai langu nikawajibu wale wateja hivi: mtoto kuweza, ataweza. Mimi niliweza. Muulizeni tu yule wa Jumamosi, akikanyaga breki anaona nini, na nani atawashika watu wake wanaompenda. Mmoja akaomba vitumbua vingine viwili.

Bado naota kuendesha, usinicheke. Nakusanya pesa, nitajifunza, safari hii miguu inafika.

Ila ile asubuhi ya Idi Tatu, kabla hapajakucha sawasawa, watu wote bado wamelala kwa shibe, nilitoka uani peke yangu. Nikapanda kwenye pikapu, nikautoa mto wa sufi kitini, nikaufikicha vumbi la kiwanja kwa mikono mpaka kanga ikarudia wekundu wake. Bila ule mto hakuna dereva, na mjomba akiuona ulipo angeelewa. Nikaingia ndani kwa kunyata, nikainua kichwa cha bibi polepole, nikamlaza juu yake.