Gari la Baba Lililobaki Bodi

Baba yangu aliendesha gari la abiria kati ya Tabora na Sikonge tangu njia ile ikiwa vumbi tupu, mpaka macho yake yalipoanza kufifia. Lilikuwa gari la Kifaransa, jeupe, refu, lenye safu tatu za viti na keria juu iliyobeba madumu ya asali, baiskeli, na mara nyingine jeneza. Giaboksi ilipovunjika alitafuta nyingine hadi Mwanza, akakosa. Akaliegesha nyuma ya nyumba yetu hapa Ng'ambo, juu ya matofali ili matairi yasioze, na kila Ijumaa akitoka msikitini alilipaka mafuta kwa kitambaa. Majirani walimcheka. Mimi pia nilimcheka kimoyomoyo. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, nashona nguo barazani, na pale lilipo gari nilipatamani kwa banda la kuku.

Siku moja akaja mgeni kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amesikia mjini habari za lile gari. Alimwamkia baba kwa adabu, akavua viatu kabla ya kukanyaga mkeka, akasema yeye hukusanya magari ya zamani na kuyafufua.

"Unalichukua lote," baba akamuuliza, "au unachagua kama mtu aliyefika buchani?"

"Lote, mzee. Likipona, wewe ndiye utakuwa wa kwanza kupanda. Nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Baba akasema atafikiri. Mgeni alipoondoka, mimi ndiye niliyemkalia baba kooni. Nilimwambia gari linakufa mikononi mwake, kwamba huyu kijana ana nia njema, kwamba ni dhambi kuzuia kitu kisipone. Sikutaja kuku. Siku ya tatu akachoka nami. "Haya, mwanangu. Mwite."

Walikuja Ijumaa, baba akiwa ameshashikwa mkono na jirani kwenda msikitini. Mgeni na mafundi wawili, na pikapu ndogo. Niliwafungulia geti mwenyewe, nikawapikia chai. Wakang'oa taa, usukani, vioo vyote, vitasa vya milango, bampa zile za kung'aa, hata saa ndogo ya kwenye dashibodi. Nilipouliza, mgeni akanijibu huku anafunga turubai, "Hivi ni vya kutangulia, dada. Bodi tutaifuata Jumatatu na lori, na malipo ya mzee tutakuja nayo."

Jumatatu ikapita. Nilipiga simu wiki nzima. Mwanzoni iliita bila kupokelewa, kisha ikawa haipatikani. Fundi mmoja wa mjini ndiye aliyenifumbua macho: yule bwana ana gari kama la baba, zima, lilikuwa limepungukiwa vipuri tu. Alichokuwa anakitaka alikwisha kukipata. Mji huu umepitiwa na misafara tangu enzi za pembe za ndovu, tumekua tukisimuliwa habari za watu waliokuja kubeba kilicho bora na kutuachia mifupa. Na bado nilimpikia chai.

Ijumaa iliyofuata baba alichukua kitambaa chake. Nilimwona akipapasa mbele ya gari, mkono ukaingia ndani ya tundu la taa mpaka kwenye kiwiko. Vidole vyake vikapita kwenye ncha za nyaya zilizobaki.

"Taa wamezipeleka wapi?" akauliza.

"Wamevipeleka kuvisafisha kwanza, baba. Bodi watakuja kuichukua."

"Aa. Vizuri."

Akakunja kitambaa, akaingia ndani. Hakulipaka tena.

Mvua zikaanza. Gari bila vioo lilikunywa maji kama mtungi. Viti vikaoza, sakafu ikatoboka, kuku wa jirani wakaanza kutagia kwenye kiti cha dereva. Kila aliponiuliza nilimwongezea uongo: lori limekwama Igunga, mgeni anaugua, mgeni kasafiri. Naye aliitikia, "Aa, vizuri." Mwisho hakuuliza tena. Wanunuzi wa chuma chakavu walipopita na mkokoteni, yeye ndiye aliyewaita. Walilikata vipande kwa shoka na nyundo tangu asubuhi hadi adhuhuri, na muda wote huo baba alikaa chumbani, mlango umefungwa.

Jioni nilimpelekea uji. Nikashindwa kuuweka chini. Nikamweleza yote, huku nalia, nikitaka anisamehe.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Anayesafisha taa hakati nyaya zake kwa kisu."

"Mbona hukusema, baba?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme. Nimeendesha watu miaka yangu yote, nimewabeba wezi na maiti. Kuibiwa nakujua. Lakini kudanganywa kama mtoto, ndani ya nyumba yangu, na wewe unayenishika mkono kwa kuwa sioni?"

Alikunywa uji wake wote, akanishukuru, akanirudishia bakuli.

Hajanigombeza hata siku moja tangu hapo. Tunaishi vizuri, watu husema. Ila nikimsomea maandishi ya dawa zake, hunisikiliza mpaka mwisho, kisha hungoja jirani apite, akamwita dirishani na kumpa ile chupa amsomee tena.