Mama Mkwe Anajifunza Kutembea

Mama mkwe wangu aliteleza kwenye mawe ya kijito, kwao Koboko, akavunjika nyonga. Huko Kampala daktari alimtoa kichwa cha mfupa wa paja, akamwekea cha chuma. Aliporuhusiwa kutoka, mke wangu alisema mama yake atakaa kwetu Mvara, karibu na hospitali, mpaka apate nguvu.

Nilikubali, kisha nikaanza kuogopa. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawali pamoja, hawakai pamoja, wala hawagusani. Na nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili tu. Nikiingia, yeye aligeukia ukuta. Akitoka uani, mimi nilikwenda kutazama kuku ambao hawakuhitaji kutazamwa.

Daktari alimkataza kuketi chini na kuchuchumaa. Mwanamke aliyezoea kufanya kila kitu mkekani, kumenya karanga, kupepeta unga, kupiga soga, sasa aketi juu kama karani! Kiti kirefu nilimwagizia kwa seremala. Cha chooni nilikitengeneza mwenyewe, nikakosa namna ya kukitaja. Mwishowe nilikiacha mlangoni pa choo nikaondoka. Nilikuwa nimefika barabarani niliposikia kicheko chake kutoka nyuma ya nyumba.

Kila jioni alijifunza kutembea uani kwa magongo, mke wangu ubavuni. Mimi nilisikiliza nikiwa ndani. Kwa mlio wa magongo tu nilijua kama mguu unauma.

Siku moja mke wangu alikuwa sokoni mvua ilipoanguka ghafla. Nilichungulia. Mama mkwe alikuwa peke yake kando ya kamba ya nguo, magongo yanateleza kwenye udongo mwekundu, naye anaogopa kuinua mguu. Nikaganda mlangoni. Mimi ni Mlugbara wa Pajulu, yeye Mkakwa, kila mmoja na lugha yake. Tulichokuwa nacho kati yetu ni Kiswahili cha sokoni.

"Mukwe!" aliita. "Wewe iko naangalia nini? Kuja!"

"Mama, heshima..."

"Heshima tutafanya ndani! Mimi iko nalowa!"

Nikakimbia. Nilimshika kiunoni, yeye akanishika shingo, tukaenda taratibu, anacheka na kuguna kwa zamu. Nilipomketisha, kila mmoja alitazama upande wake. "Asante, mukwe," aliuambia ukuta. Mke wangu alirudi akakuta watu wawili wamelowa chapachapa, hakuna anayetaka kueleza.

Tangu hapo, binti yake akichelewa, aligonga ukuta kwa gongo, nami nikatoka. Tulitembea bila kutazamana sana. Aliniuliza habari za wanafunzi wangu wa shule ninakofundisha; mimi nilimuuliza wanavyopanda karanga kwao. Gongo moja likabaki ndani, na baada ya muda hata la pili alilisahau mara kwa mara. Alipoondoka kurudi Koboko, jioni zile uani zikawa ndefu, ingawa sikuthubutu kumwambia mke wangu.

Tulimtembelea wakati wa kuvuna. Alitokea njia ya shambani akichechemea kidogo, mzigo wa karanga kichwani. Mke wangu alipiga kelele kwa Kikakwa, akakimbia kumpokea. Mama mkwe hakumpa. Alisimama hatua chache kutoka nilipokuwa, akainamisha macho.

"Mukwe, mwambie bibi yako aache makelele," alisema. "Nyinyi iko na njaa. Kuja mukule."