Van sita ninazo, lakini kijijini kwa kina Ramu nilifika kwa miguu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi si mtu wa kushtuka. Darasa la saba sikumaliza, leo nina van sita hapa Saltley, nahamisha watu nyumba Birmingham nzima. Usafiri ndio chuo changu. Ukiniambia kuna mahali gari haifiki, nakucheka.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, sina faida ya kuwadanganya.

Dereva wangu wa kwanza ni Mhindi wa Gujarat. Namwita Ramu, yeye ananiita bhai, yaani kaka. Mama yake alizidiwa huko kijijini, jamaa akawa hata usukani haushiki sawasawa. Nikamwambia, "Funga mzigo. Nakufikisha mlangoni mimi mwenyewe." Visa nilikuwa nayo, maana huwa nafuata spea India.

Tumetua tu asubuhi, simu ikaingia. Mama amefariki alfajiri.

Kwa mila yao mtoto wa kiume ndiye anayewasha moto wa kuchomea maiti, na wanataka iwe kabla jua halijazama. Mimi nikafungua map: masaa manne na nusu. Nikampigia baba yake mdogo kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. "Uncle, saa nane tuko hapo. Guaranteed."

Ndiyo guaranteed ninayowapa wateja wangu wa Moseley.

Lami ilikwenda vizuri mpaka mji mdogo wa mwisho. Hapo dereva wa teksi akazima gari. Mbele njia imeliwa na mvua, haendi. Basi? Lipo moja kwa siku, limeshaondoka. Nikatoa noti, nikaongeza nyingine. Jamaa akanitazama kwa huruma.

"Sir, hata ukinipa zote, gari hii haiogelei."

Tukapata trekta ya mkulima, ikatufikisha korongoni. Daraja hakuna. Tukavua viatu, tukavuka, tukatembea. Ramu mbele karibu anakimbia, mimi na kitambi changu nyuma, na jua linashuka.

Nilitegemea kukuta umati. Kwetu Tanga jeneza linapokezanwa, ukizubaa hupati hata kuligusa. La mama yangu mwenyewe nilisukumana ndio nikapata zamu.

Pale nyumba ni nyingi, lakini karibu zote zina makufuli. Vijana wako mjini Surat wanakata almasi, wengine wako nje kama Ramu. Wamebaki wazee, kina mama na watoto wachache.

Mwili ulikuwa tayari kwenye machela ya mianzi, maua juu. Na haukuwa unamngoja Ramu peke yake, wakuu. Wenye nguvu za kubeba walikuwa binamu yake na mwenye duka. Ramu wa tatu, na machela inataka wanne.

Yule baba mdogo, mkono mmoja umepooza, akanigeukia. Ramu akatafsiri, hanitazami usoni.

"Anauliza mama yako yuko hai?"

"Amefariki."

"Nani alimbeba?"

"Mtaa mzima."

Mzee akatazama yale makufuli. "Mwambie mtaa wetu ndio huu."

Nikasema, "Ramu, mimi Muislamu, isije nikawaharibia shughuli."

Akanijibu, "Bhai, jua linazama."

Nikaweka bega. Yule mama alikuwa mwepesi. Nimebeba makabati na mapiano ya watu miaka yote, sijawahi kukanyaga chini kwa uangalifu ule.

Tuliwahi, Ramu akawasha moto. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo sana.

Nilichojifunza: neno guaranteed nimeliacha. Sasa nauliza kipande cha mwisho cha njia kikoje, na huko mwisho wamebaki kina nani. Juzi nimejaribu kutaja watakaobeba jeneza kijijini kwa baba yangu, Handeni. Nimekwama jina la tatu.

Kwenu je, mnafika wanne? Andikeni hapa chini, nitasoma zote.

Na najua kuna mtu atauliza imenitoka kiasi gani, maana hata Ramu kauliza, anataka nimkate mshahara. Nimemkatalia. Tiketi zetu mbili, teksi na trekta: pauni 1,947.